Kistari cha Thirza

Zanesville wana daraja lenye panda:
ukifika katikati ya mto, kata kushoto, uko ng'ambo;
kata kulia, uko ng'ambo pia,
na mwenyeji aliyekuelekeza bado anacheka.

Hapo ndipo tunapopita Jumamosi,
mimi na binti yangu Zulekha,
kwenda mahakamani, chini ya ngazi,
yanakolala madaftari ya Ohio.
Mwalimu ameagiza mti wa ukoo
kwenye kadi ya manila, matawi ya kijani,
na upande wa mama yake tumekwama
kwa mwanamke mmoja.

Jiwe lake linasema THIRZA, MKE WA A. DOANE.
Basi. Mwaka umeliwa na ukoga.
Kwenye daftari la ndoa, karani,
mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino,
ameandika jina la bwana harusi na la babake,
jina la mchungaji, ada ya hati;
bibi harusi kapewa neno moja,
kama paka.

Wiki ya nne tukaupata wasia.
Hosea Kimberlin, mkulima, mgonjwa wa mwili, mzima wa akili:
*Kwa binti yangu Thirza, aliyeolewa na Doane,
ng'ombe mwekundu, kitanda cha manyoya ya bata,
na birika lililopasuka mdomo.*
Zulekha akaruka, kiti kikaanguka,
mzee wa zamu akatukohoa.
*Na kwa mke wangu mpendwa, chumba cha nyuma,
maadamu hajaolewa tena.*
Mpendwa nani? Nikageuza ukurasa.
Ng'ombe katajwa hadi rangi.

Tukarudi nyuma, sensa ya elfu moja mia nane arobaini.
Kimberlin ana jina, ndiye mkuu wa kaya.
Waliobaki ni vistari.
Wa kike, miaka kumi hadi kumi na mitano: kistari kimoja.
"Baba, huyu ndiye?"
Huenda, nikasema. Kazi hii yote ni huenda.
Akakiwekea kidole, taratibu,
kama anayempima mtoto homa.

Hapo hasira ikanipanda, na kiburi juu yake.
Nikamwambia, kwetu Makunduchi hatuna haja ya karatasi,
ukoo tunao mdomoni. Andika:
mimi Vuai wa Makame wa Pandu
wa Ussi wa Faki wa Ameir wa Kombo.
Saba, bila kuvuta pumzi.
Akaandika yote, akalamba ncha ya penseli,
akauliza, "Na mama zao?"

Bomba la joto likagonga ukutani.

Nikampigia shangazi Mize. Kwetu saa sita ya mchana,
kwao saa mbili usiku, anakaanga samaki, nasikia mafuta.
"Leo ndiyo unauliza? Una mvi ngapi?"
Kisha akaanza, polepole, sufuria ikimjibu:
aliyemzaa Makame ni Mboja.
Aliyemzaa Mboja ni Kazija, hakula pweza maisha yake,
na alikuwa mkali, usimwandike mkali.
Aliyemzaa Kazija…
Mafuta yakalia peke yake.
"Huyo tulimwita Bibi tu, mwanangu.
Alikuwa na mikono ya baridi."

Zulekha hakusema kitu.
Kulia mwa kadi, juu ya Thirza,
akachora kistari.
Kushoto, juu ya Kazija, kingine,
urefu uleule, alipima kwa ukucha.
Tulipotoka theluji ilikuwa imeanza,
na darajani nikakata kona isiyo yetu
tukaenda kutokea kwenye duka la matairi.

Kadi imerudi Jumatano.
Pembeni, kwa wino mwekundu, mara mbili:
*Hapa umesahau kuandika jina.*

Ipo mlangoni mwa friji.
Hajaongeza kitu.